Tuta la Birds Point, 2011: mji uliookolewa na kijiji kilichosahaulika

Mwishoni mwa Aprili 2011, maji ya Mto Ohio yakipanda kila kukicha na wahandisi wa jeshi la Marekani wakijiandaa kulipua tuta la Birds Point ili yaingie mashambani, Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Missouri, Steve Tilley, aliulizwa angependelea kipi kizame: mashamba ya jimbo lake au mji wa Cairo, ulio ng'ambo ya Mto Mississippi katika jimbo la Illinois. Akajibu bora Cairo, na kwamba yeye ameshafika huko, kwa hiyo wamwamini. Baadaye aliomba radhi.

Lilikuwa jibu la kifedhuli na alishambuliwa ipasavyo. Ila mimi naona kasoro kubwa zaidi ilikuwa kwenye swali. Swali lilichukulia kwamba wiki ile kulikuwa na pande mbili tu, mji na mashamba, na kwamba kazi ya serikali ilikuwa kuziweka kwenye mizani na kuchagua moja. Sivyo. Uamuzi ulishapitishwa mwaka 1928, miaka 83 kabla, na mwaka 2011 kilichobaki kilikuwa utekelezaji. Tena kulikuwa na upande wa tatu, kijiji kidogo kiitwacho Pinhook, ambacho karibu hakuna aliyekitaja mpaka kilipokuwa chini ya maji.

Tuanze na mji. Cairo hii iko kwenye ncha ya kusini kabisa ya Illinois, pale Mto Ohio unapomwagika katika Mississippi. Walowezi wa mwanzoni mwa karne ya 19 walitazama mito miwili mikubwa na udongo mweusi wa mafuriko wakaikumbuka Misri. Ukanda mzima wa kusini mwa jimbo hilo huitwa Misri Ndogo mpaka leo. Ni mahali pa chini kuliko pote Illinois. Mji umezungushiwa matuta ya udongo na kuta za zege, na upande wa kaskazini, barabara kuu inapopita chini ya njia ya reli, kuna lango kubwa la chuma. Likishushwa, mji mzima umefungwa: mito nje, watu ndani, kama walioketi ndani ya bakuli linaloelea.

Ulikuwa mji wa maana. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Jenerali Ulysses Grant aliweka makao yake hapo, kwa sababu aliyeshika makutano yale alishika njia ya meli kwenda kusini. Reli ya Illinois Central ilifika, vivuko vikawa vinavusha mabehewa usiku na mchana. Kisha mwaka 1889 likajengwa daraja la reli juu ya Ohio na vivuko vikaanza kukosa kazi. Hata hivyo sensa ya 1920 ilihesabu watu 15,203. Baadaye malori yakachukua mizigo ya mtoni, na barabara kuu ya I-57 ikapita pembeni ya mji.

Lakini mwenye kuieleza Cairo kwa madaraja na malori peke yake anaficha jambo. Novemba 1909 kundi la Wazungu, maelfu kwa hesabu, lilimuua hadharani mtu Mweusi aliyeitwa William James. Julai 1967 askari kijana Mweusi wa miaka 19, Robert Hunt, aliyekuwa likizoni, alikutwa amekufa akining'inia ndani ya kituo cha polisi. Polisi wakasema kajinyonga. Watu Weusi wa mji hawakuamini, na kuanzia hapo Cairo ikaingia katika miaka ya moto, risasi za usiku na walinzi wa kujitolea wa Kizungu wakirandaranda na bunduki. Mwaka 1969 watu Weusi walianza kususia maduka yasiyowaajiri. Baadhi ya wenye maduka waliona afadhali kufunga kuliko kuajiri, na wakafunga kweli. Hata bwawa la kuogelea la mji lilifungwa ili watoto wa rangi mbili wasiogelee pamoja. Kufikia sensa ya 2010 walibaki watu 2,831, takribani saba kati ya kila kumi wakiwa Weusi, kwenye mitaa yenye majengo ya matofali yaliyobomoka paa. Mwanasiasa wa Missouri aliposema ameshafika Cairo, wenyeji wa eneo lile walijua anamaanisha nini bila kufafanuliwa.

Sasa mpango wenyewe. Mpaka mwaka 1927 wahandisi wa jeshi la Marekani, ambao ndio wenye dhamana ya mito mikubwa nchini humo, walishikilia kanuni moja: jenga tuta, na maji yakizidi, liongeze kimo. Mafuriko ya mwaka ule yaliivunja kanuni pamoja na matuta. Zaidi ya watu 600,000 walikosa makazi. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Mafuriko, na ndani yake kulikuwa na wazo lililokuwa geni kwa wahandisi wale: mto upewe nafasi. Yatengwe maeneo ambayo siku maji yakizidi unga, yataachiwa yaingie kwa makusudi ili kwingine kusalimike.

Eneo mojawapo ni njia ya mafuriko ya Birds Point hadi New Madrid, upande wa Missouri, karibu mkabala na Cairo. Ni ekari zipatazo 130,000, ukanda wa urefu wa kilomita 56 hivi ulio kati ya matuta mawili. Tuta la mbele liko kando ya mto. Tuta la nyuma liko kilomita kadhaa ndani ya nchi kavu. Sehemu ya juu ya tuta la mbele ilijengwa fupi kuliko matuta mengine kwa makusudi, ili iwe ya kwanza kushindwa. Serikali ikawalipa wenye mashamba kununua haki ya kuyafurika, na haki hiyo ikaandikwa kwenye hati za ardhi. Mwenye kununua shamba pale baada ya hapo alinunua na deni lake la maji.

Ilitumika mara moja, Januari 1937, tuta likapasuliwa kwa baruti. Mwaka huo kipimo cha maji cha Cairo kilifika futi 59.5. Kisha ikapita miaka 74 bila kuguswa, na miaka 74 ni mingi sana kwa kumbukumbu ya binadamu. Vinamasi vilikaushwa, misitu ikafyekwa, pakalimwa soya, mahindi na ngano katika udongo ambao mkulima yeyote angeutamani. Nyumba zikafika tisini na kitu, zenye watu wapatao 200. Mwaka 1965 sheria ilirekebishwa: badala ya kusubiri maji yaruke tuta yenyewe, lingelipuliwa kwa saa itakayoamuliwa. Wenye mashamba wakaenda mahakamani, na mwaka 1984 mahakama ya rufaa ikawapa haki wanajeshi. Mwongozo wa utekelezaji ulioandikwa 1986 ulisema wazi: kipimo cha Cairo kikifika futi 61 na maji bado yanapanda, tuta lilipuliwe.

Hapo kuna jambo ambalo mjadala wa 2011 uliliruka kabisa. Cairo inayotajwa kwenye mwongozo ule ni kipimo. Kiko pale kwa sababu mito miwili inakutana pale, na namba yake inaeleza hali ya matuta ya mamia ya kilomita: Kentucky, Tennessee, Illinois, na Missouri yenyewe. Nyuma ya tuta kubwa la Missouri kuna mashamba na miji mingi kuliko yote iliyo ndani ya njia ya mafuriko. Tuta lile lingevunjika mahali pasipopangwa, hasara ya Missouri ingeweza kuwa kubwa maradufu. Kwa hiyo hata kama Cairo ingekuwa imehamwa na kubaki magofu, futi 61 na zaidi zingeleta mgogoro uleule. Lakini habari ya mji masikini wa watu Weusi dhidi ya wakulima matajiri wa Kizungu ilikuwa tamu kuandika, na kila upande uliitumia.

Na ilikuwa habari yenye tundu, kwa sababu ndani ya njia ya mafuriko nako waliishi watu Weusi.

Kujua walifikaje, inabidi kurudi miaka ya thelathini. Kusini-mashariki mwa Missouri kulikuwa nchi ya pamba, na pamba ililimwa na familia zisizo na ardhi zilizogawana mavuno na mwenye shamba. Serikali ya Washington ilipoanza kuwalipa wenye mashamba wapunguze ekari za pamba, sehemu ya fedha hizo ilipaswa kumfikia mlimaji. Wenye mashamba wengi waliona njia fupi ni kumtimua mlimaji. Januari 1939, kwenye baridi kali, zaidi ya watu elfu moja, wengi wao Weusi, wakiongozwa na mchungaji Owen Whitfield, walibeba vitanda, majiko na kuku wao wakapiga kambi kando ya barabara kuu za 60 na 61 ili taifa liwaone. Polisi wa jimbo waliwaondoa ndani ya siku chache. Kundi moja miongoni mwao lilipelekwa kukaa ndani ya njia ya mafuriko, ardhi ambayo miaka miwili tu nyuma ilikuwa imezamishwa kwa baruti.

Pinhook ilizaliwa katika mazingira hayohayo. Familia za watu Weusi zilizotoka Tennessee na majimbo mengine ya kusini zilikuwa na fedha kidogo za kununua ardhi, lakini ardhi nzuri nje ya njia ya mafuriko hawakuuziwa. Ndani waliuziwa. Katika miaka ya arobaini wakafyeka msitu wa kinamasi, wakajenga nyumba, wakajenga kanisa, wakalima ardhi yao wenyewe, jambo ambalo watoto wa walimaji wa pamba hawakulichukulia kuwa dogo. Chini kabisa ya njia ile, karibu na New Madrid, tuta la mbele lina pengo la futi 1,500 ambalo halijawahi kuzibwa. Mto ukijaa, maji hurudi nyuma kupitia hapo. Watu wa Pinhook walizoea barabara kufunikwa na maji baadhi ya miaka. Walijua waliko. Kwingine hawakupewa nafasi. Sensa ya 2010 ilihesabu wakazi 30.

Basi ikaja Aprili 2011. Theluji ya kaskazini ilikuwa inayeyuka, na juu yake zikanyesha mvua za dhoruba zilizofuatana bila kupumzika kwenye bonde la Ohio. Wahandisi wakaanza kusogeza matishari yaliyobeba vilipuzi kutoka Memphis kuelekea kaskazini. Mwanasheria Mkuu wa Missouri, Chris Koster, akakimbilia mahakamani kuomba zuio. Hoja yake ilikuwa ya kijanja: kuruhusu maji yaoshe mashamba yenye mbolea, dawa za wadudu na matangi ya dizeli ni kuchafua maji ya Missouri kinyume cha sheria. Tarehe 29 Aprili Jaji Stephen Limbaugh alikataa. Kesho yake mahakama ya rufaa ikakataa. Jumapili tarehe 1 Mei ombi likafika Mahakama ya Juu, na Jaji Samuel Alito naye akalikataa. Sioni jinsi ambavyo wangeamua vingine. Haki ya kufurisha ilinunuliwa, kesi ya 1984 ilikuwepo, na mahakama haina kipimo cha maji chake yenyewe cha kushindana na cha wahandisi.

Ndani ya Cairo wakati huo hatari haikuwa maji kuruka ukuta. Ukuta wa mji ulifika futi 64 za kipimo kilekile. Hatari ilikuwa chini ya miguu. Matuta ya pale yamejengwa juu ya tabaka la udongo mwembamba, na chini yake kuna mchanga mnene ulioachwa na mto wa kale. Mto ukiwa juu sana kuliko barabara za mji, uzito wa maji husukuma njia ndani ya mchanga huo, chini ya tuta, na maji huchomoza upande wa pili: uani kwa mtu, kwenye mtaro, katikati ya barabara. Huanza kama kishimo kinachochemka, kikijizungushia mchanga kama kichuguu. Anayekikagua hutazama rangi. Maji yakitoka meupe, tuta linavuja tu. Yakitoka na mchanga, maana yake kule chini linachimbwa handaki, na handaki likirefuka tuta hudidimia lenyewe.

Mtu asiyejua atakimbilia kuziba. Ni kosa, maana maji yaliyozibwa hapa yatatafuta pengine. Wanachofanya ni kupanga viroba vya mchanga kuzunguka kishimo, duara juu ya duara, wakiyaacha maji yapande ndani yake mpaka uzito wake uanze kusukumana na ule wa chini na mchanga ukome kutoka. Kazi hiyo ilifanyika mjini Cairo usiku na mchana. Chemchemi moja ilikuwa kubwa kiasi kwamba wahandisi walisema hawajawahi kuona nyingine kama ile. Amri ya watu kuondoka ikatolewa, lango la kaskazini likawa tayari, na wengi walikwenda kukaa kwa ndugu au kwenye makazi ya muda bila kujua kama watarudi.

Mwenye kauli ya mwisho alikuwa Meja Jenerali Michael Walsh, mwenyekiti wa Kamisheni ya Mto Mississippi. Alisubiri. Wapo waliomlaumu kwamba alisubiri mno, kwa kuwa kipimo kilishapita futi 61. Mimi namwelewa. Kujaza vilipuzi si jambo la kubonyeza na kurudisha: ni mchanganyiko wa majimaji unaopigwa pampu kutoka tishari hadi kwenye mabomba yaliyofukiwa ndani ya tuta, na ukishajaa humo tuta limeshakuwa bomu. Tena usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei radi ilikuwa inapiga, kazi ikasimama, maana hakuna mwenye akili anayepampu vilipuzi chini ya radi. Siku hiyo ya Jumatatu utabiri ulisema maji yangefika futi 63. Kipimo cha Cairo kikasoma futi 61.72, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa hata mwaka 1937. Baada ya saa nne usiku tuta likalipuliwa, karibu maili mbili za udongo, kwa vilipuzi vya zaidi ya tani 200 kwa jumla ya sehemu zote tatu; mbili za chini zilifuata siku zilizofuata ili maji yaliyoingia juu yapate pa kutokea. Mlipuko ulisikika hadi Cairo na mbali zaidi.

Maji yakashuka. Ndani ya siku mbili kipimo cha Cairo kilikuwa kimeteremka zaidi ya futi moja. Anayesoma kutoka mbali anaweza kuona futi moja si kitu, lakini pale ambapo mchanga unatoka chini ya tuta, futi moja ya uzito ndiyo tofauti kati ya chemchemi iliyotulia na tuta lililokwenda. Cairo haikuvunjika. Baadaye mwezi huo wahandisi walifungua milango ya njia nyingine mbili za mafuriko, Bonnet Carré na Morganza, kule Louisiana; ilikuwa mara ya kwanza njia hizo tatu kutumika katika mafuriko mamoja. Mto ulibeba maji mengi ya kiwango cha 1927 mpaka baharini bila matuta makuu kupasuka. Kiuhandisi, mpango wa 1928 ulifanya kile ulichoahidi.

Ndiyo maana nasema uamuzi ulikuwa sahihi, na bado naona kuna watu waliodhulumiwa.

Wakulima wakubwa wa njia ya mafuriko walipoteza ngano iliyokuwa karibu kukomaa, maghala, mifumo ya umwagiliaji. Pale maji yalipoingia kwa nguvu yalichimba makorongo na kumwaga mchanga juu ya udongo mzuri. Ni hasara ya kweli, na sikubaliani na wanaoibeza kwa sababu tu waliopata hasara walikuwa na matrekta makubwa. Lakini walikuwa na mawakili, walikuwa na jimbo zima nyuma yao lililofika hadi Mahakama ya Juu kwa siku tatu, na sehemu kubwa ya ardhi ilirudi kulimwa haraka. Wengi waliwahi kupanda soya msimu uleule. Wengine waliishtaki serikali kudai fidia. Tuta likajengwa upya hatua kwa hatua.

Pinhook haikuwa na lolote kati ya hayo. Wakazi wake wameeleza kwamba hakuna afisa aliyewafikia na mpango wa kuwahamisha. Walisikia kwenye habari na kwa watu, wakasaidiana wenyewe kwa magari ya mizigo ya ndugu na marafiki, wakachukua walichoweza, mvua ikinyesha. Waliporudi kuangalia baada ya maji kupungua, nyumba zilikuwa zimeoza kuanzia sakafu hadi dari. Kijiji hakikujengwa tena pale. Mwenyekiti wake, Debra Robinson-Tarver, alitumia miaka kupeleka ombi lilelile katika ofisi moja baada ya nyingine: wapewe mahali pa kuhamia pamoja, kama kijiji. Hapo ndipo ombi lilipokwama, maana misaada ya maafa ya Marekani kwa kawaida humtazama mwenye nyumba mmoja mmoja, na karatasi zake, na bima yake. Fomu haina mstari wa kuandika kijiji. Baada ya muda mrefu baadhi ya familia zilipata nyumba mpya katika mji wa Sikeston, nyuma ya tuta la pili, nyingine zilishatawanyika.

Jibu la kawaida la wahandisi ni kwamba haki ya kufurisha ilinunuliwa na kila mnunuzi alijua. Kwa wakulima wakubwa nalikubali jibu hilo. Kwa Pinhook nalikataa. Mkataba huwa na nguvu ya haki pale mtu anapokuwa na hiari ya kuukataa, na babu zao waliambiwa kwa vitendo kwamba ni ardhi hii ya kuzamishwa au hakuna ardhi. Mwongozo wa 1986 ulipangilia matishari, pampu, mabomba, saa na futi. Suala la watu liliachwa mikononi mwa kaunti na jimbo, na jimbo wiki ile lilikuwa limeelekeza macho mahakamani, likitetea mashamba. Sidhani kuna mtu aliyekaa akaamua kwamba Pinhook isahaulike. Kila ofisi ilitimiza wajibu wake ulioandikwa, na jina la kijiji halikuwa katika wajibu wa yeyote.

Na Cairo iliyookolewa? Watu walirudi, lango likafunguliwa, chemchemi zikakauka. Kisha mji ukaendelea kupungua kwa mwendo wake wa zamani. Duka lake la vyakula lilifungwa na kwa miaka kadhaa wakazi wasio na gari walihangaika kupata hata maziwa, mpaka duka la ushirika lilipofunguliwa mwaka 2023. Mwaka 2017 wizara ya makazi ya serikali kuu ilitangaza kwamba majengo mawili makubwa ya nyumba za umma, Elmwood na McBride, yameharibika kiasi cha kutokarabatika, kwa kuwa mamlaka ya nyumba ya kaunti ilikuwa imeyaacha yaoze kwa miaka mingi. Watu wapatao 400 waliambiwa wahame. Ni takribani mara mbili ya wote waliokuwa wakiishi ndani ya njia ya mafuriko mwaka 2011. Walipewa hati za kusaidiwa kodi ya pango, lakini nyumba za kupanga ndani ya Cairo karibu hazikuwepo, kwa hiyo kupokea hati ilikuwa sawa na kuhama mji. Baadhi yao walivuka mto wakaenda kuanza upya Cape Girardeau, Missouri. Sensa ya 2020 ilikuta Cairo ina watu 1,733.